Kiti cha Dada wa Rais

Tulimwacha Rukaya Semeni kizingitini, viatu mkononi, tope la mikoko limemganda hadi magotini, na habari mbili zimempiga kwa mkupuo mmoja.

Ya kwanza: Bi Hadija, dada wa Rais Mteule, ambaye Rukaya alitumwa kumchukua, amekufa.

Ya pili: mwanamke aliyemfungulia mlango amesema yeye ni mke wa Rais Mteule.

Hakusema aliwahi kuwa mke. Alisema ni mke.

"Mbona umesimama, mwanangu?" mwanamke yule aliuliza. "Pita ndani, jua kali."

Rukaya akapita. Angefanya nini? Maji yalikuwa yameshapwa, boti iliyomleta kutoka Nyamisati imekaa kwenye tope, na isingeondoka mpaka bahari ijae tena jioni.

Ndani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka korosho zilizokuwa zikichambuliwa. Mwanamke akazisogeza kwa kiganja, akampa mgeni nafasi.

"Bi Sijaona," Rukaya akaanza kwa adabu, "uniwie radhi. Mke wa Mheshimiwa Abdulatifu Ngwele ni Mama Sabra. Nchi nzima inamjua."

"Inamjua, ndiyo. Mimi nilikuja kabla ya nchi nzima." Bi Sijaona hakupandisha sauti. "Latifu alinioa hapa hapa, ukumbi ukajaa watu. Mwaka haukuisha akaenda Dar es Salaam kutafuta shule. Akasema nikae na dada yake, akishatulia atatuita sote wawili. Nikakaa."

"Hakukupa talaka?"

"Angenipa ningejua amenikumbuka."

Rukaya akatazama korosho mkekani, akitafuta mama huyu amweke wapi. Yeye ni afisa itifaki. Mkate wake unatokana na kujua nani asimame wapi, nani aanze kusalimu, nani asikae karibu na nani.

Jumamosi Abdulatifu Ngwele angeapishwa uwanjani Dodoma, na leo ilikuwa Alhamisi. Rukaya alikuwa amepanga jukwaa kuu lote. Wafalme mbele, kisha marais kwa kufuata nani ametawala muda mrefu zaidi. Marais wawili wasiopatana amewawekea katikati makamu wa rais wa nchi ya tatu, mtu mcheshi anayeweza kuongea na yeyote. Kiongozi wa mabalozi amempa mahali ambapo hatalazimika kupanda ngazi, maana goti lake bovu. Kwenye mazoezi ya gwaride Rukaya mwenyewe alikalia kiti cha mke wa Rais, ili wapiga picha wapime mwanga. Askari mmoja akamtania kwamba kimemkaa. Akacheka na wenzake, halafu jioni akarudi kwenye nyumba yake ya serikali na kula wali wa jana peke yake.

Kilibaki kiti kimoja tu, jirani na cha Mama Sabra.

Rais Mteule alimwita pembeni. "Rukaya, wewe mtoto wa Kibiti. Nenda deltani kaniletee dada Hadija. Amenilea kwa kuuza kamba na mikeka. Nikishika msaafu nataka nimwone."

Ndiyo maana alikuwa hapa, na kiti kile sasa hakina mtu.

"Bi Hadija alikufa lini?" aliuliza.

"Kwenye kampeni. Ilianza homa tu. Tukampakia kwenye boti, tukampeleka hospitali Mchukwi. Walihangaika naye, lakini siku zake zilikuwa zimekwisha. Tukamrudisha tukamzika kule nyuma, karibu na mama yake."

"Mbona Mheshimiwa hajui?"

Bi Sijaona akainua macho. "Hajui?"

"Hajui, mama. Angejua asingenituma."

"Mwenyekiti wa kijiji alipiga simu mbele yangu! Akapokea bwana mmoja anaitwa Saidy. Akatupa pole, akasema ujumbe utafika, ila tusitangaze mpaka Mheshimiwa aje mwenyewe. Tukakaa matanga tukimngoja. Kila boti ikiunguruma nilitoka nje. Watu wakatawanyika, na mimi bado natoka nje."

Saidy!

Saidy Mpanjila, msaidizi wa Abdulatifu tangu siku za ubunge, sasa mwenyekiti wa kamati ya sherehe za kuapishwa. Bosi wake Rukaya.

"Mama, simu hushika wapi hapa?"

"Nyuma ya msikiti. Panda kichuguu."

* * *

Juu ya kile kichuguu simu ya Rukaya ilifufuka na kuanza kutetemeka bila kupumua. Ubalozi mmoja unaomba rais wao asielekee jua. Mkuu wa bendi anauliza wimbo wa taifa wa mgeni aliyethibitisha jana. Mtu wa maua anauliza rangi. Watu wote wale walikuwa wanamtafuta yeye, wala hakuna hata mmoja aliyemuuliza amefika salama.

Akampigia Saidy.

"Rukaya! Umempata bibi?"

"Bi Hadija amefariki, mzee. Na wewe unajua."

Saidy akashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo.

"Ilikuwa wiki ya mikutano ya kusini," alisema. "Ningemwambia, angesimamisha kila kitu, akakimbilia huko. Wapinzani wangetuacha mbali. Nikasema nitamwambia tukimaliza. Tukamaliza, nikaona ngoja matokeo. Matokeo yakatoka, nikaona ngoja aapishwe. Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo linavyokuwa zito."

"Sasa kwa nini uliniacha nije?"

"Alikutuma bila kuniuliza! Sikiliza. Utarudi na kusema bibi anaumwa, hawezi kusafiri, anamwombea dua. Akishaapa nitamweleza mimi mwenyewe. Kesho mchana wakuu wa nchi wanaanza kutua. Unataka awapokee uwanja wa ndege macho yamevimba?"

"Na Bi Sijaona?"

"Nani?"

"Mke wake."

"Hakuna mtu wa jina hilo," Saidy alisema, na simu ikakatika.

Rukaya akabaki amesimama pale juu, upepo ukimpeperushia mtandio.

Msomaji anayemfuata Rukaya tangu mwanzo anajua mama yake alikufaje. Aliyejiunga leo na ajue. Mama yake alikata roho Kibiti, asubuhi, wakati Rukaya yuko uwanja wa ndege ameshika shada la maua akimsubiri waziri wa nchi nyingine. Ujumbe ulifika mapema. Mkubwa wake akaukalia mpaka ndege ya mgeni iliporuka. Rukaya alifika Kibiti wanafunga lango la makaburi, majembe yako mabegani. Tangu siku hiyo akipita Kibiti hashuki. Hata jana dereva alimuuliza, "Dada, si kwenu hapa? Tusimame kidogo?" Akajibu, "Twende."

Nyumba ya mama yake ilipita dirishani, mlango una kufuli, na yeye akajifanya anasoma simu.

Simu ikaita tena. Namba haikuonyesha jina, lakini sauti aliijua, kama nchi nzima inavyoijua.

"Rukaya! Mmeshafika? Hebu nipe dada niongee naye."

"Mheshimiwa…"

"Mpe simu. Najua atanigombeza, sijampigia tangu kampeni zianze. Simu zangu anazo Saidy. Mpe tu anigombeze."

Palikuwa na neno moja tu la kusema, anaumwa. Kazi yake ingepona, Jumamosi ingepita, na marais wangepungiana mikono juani.

"Mheshimiwa, uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Kuna nini?"

"Bi Hadija hatunaye. Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Pole sana, Mheshimiwa."

Rukaya akadhani mtandao umepotea, akainua simu juu, akairudisha sikioni. Ndipo akasikia pumzi za mtu mzima anayejizuia.

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye mikutano ya kusini."

"Nimekula pilau ya ushindi," ile sauti ilisema. "Nimekula, nimecheza ngoma, dada yangu yuko kaburini." Kisha: "Nani alimuuguza?"

"Bi Sijaona. Ndiye aliyemuuguza na kumwosha. Bado yuko hapa nyumbani."

Rukaya akasubiri. Alitaka sana swali lifuate. Lolote. Yu hali gani. Amezeeka. Anaishije.

"Saidy alijua?" Rais Mteule aliuliza.

"Hilo umuulize mwenyewe, Mheshimiwa."

"Nakuja kesho alfajiri. Nimsomee dada yangu kabla wageni hawajaanza kutua. Tafuta pa kutua helikopta." Akakata.

* * *

Rukaya alirudi taratibu, akipita kati ya minazi na mikorosho. Uwanja wa mpira wa shule ungefaa kwa helikopta, mbuzi wakiondolewa. Nani ampokee? Je, mkuu wa mkoa aambiwe? Kichwa kilipanga chenyewe, kimezoea.

Bi Sijaona alikuwa palepale mkekani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amelia?"

"Amelia, mama."

"Alikuwa akilia hovyo tangu utoto, Hadija alinisimulia." Akachukua korosho moja, akaitazama, akaiweka upande ule ule ilikotoka. "Anakuja?"

"Kesho alfajiri."

"Alhamdulillahi. Hadija atafurahi."

Kuku akaingia, akafukuzwa, akatoka. Bi Sijaona akaendelea kuchambua, lakini mikono yake haikuwa ikichagua tena. Ilikuwa inahamisha tu.

"Na mimi," alisema bila kumtazama, "aliniuliza?"

Rukaya hakumdanganya Rais Mteule, na kwa hilo huenda atafukuzwa kazi. Lakini sasa alimwona mwanamke huyu ameinamisha kichwa, nywele nyeupe zimechungulia kwenye leso, na mabega yameshajikaza kupokea jibu analolijua.

"Amekuuliza," Rukaya alisema. "Kasema, Sijaona yu hali gani?"

Mikono ikasimama.

"Kataja jina?"

"Kataja."

Bi Sijaona akanyanyuka. Hivyo tu. Akanyanyuka kama mtu aliyeitwa, akaingia chumbani, na Rukaya akasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa na doti ya kanga ambayo mikunjo yake ilikuwa haijawahi kufunguliwa.

"Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako kupanga watu? Basi nipange. Akiingia nisimame au nikae?"

"Wewe mwenye nyumba. Unaweza kukaa."

"Nikikaa ataona najivuna."

"Basi simama."

"Nikisimama ataona nilikuwa namngoja."

"Si ulikuwa unamngoja, mama?"

Bi Sijaona akacheka, na kicheko kile kilimfanya awe binti kwa kitambo kidogo, halafu kikapotea. "Hebu tufanye. Toka nje, wewe uwe Latifu. Nijaribu."

Rukaya amefanya mazoezi mengi ya itifaki. Amewahi kumfanya koplo awe mfalme na dereva awe balozi. Akatoka nje, akasimama barazani, akasafisha koo.

"Hodi!"

Akagonga mlango.

"Hodi humu ndani!"

Rukaya akachungulia. Bi Sijaona alikuwa amesimama katikati ya chumba, kanga mpya kifuani, kinywa wazi, machozi yanashuka bila sauti. Neno "karibu" lilikuwa limemkwama. Lilikaa humo miaka yote, siku ya kulitoa limegoma.

Rukaya akaingia, akamshika. Walisimama hivyo wanawake wawili ambao hawakujuana asubuhi. Rukaya alikuwa amemtengenezea mtu mumewe, na mume mwenyewe hayupo.

Mwambie, moyo ulisema. Mwambie sasa hivi, kabla hajapaka hina ya kumpokea.

"Bi Sijaona…"

"Naam, mwanangu?"

"Nitakwenda kuswali, halafu nikaangalie simu."

Hakuweza.

* * *

Baada ya swala ya alasiri akapanda kichuguu tena. Saidy ndiye aliyepiga, hata salamu hakutoa.

"Umefurahi sasa? Ameniita mbele ya watu. Kiti changu Jumamosi sijui kama kipo. Lakini hilo ni langu. Lako ni hili, sikiliza vizuri. Helikopta itatua saa kumi na mbili asubuhi. Abiria ni Mheshimiwa, walinzi, na Mama Sabra."

"Mama Sabra?"

"Amesema hawezi kumwacha mumewe aende peke yake kwenye msiba. Naye Mama Sabra hajui kuna mwanamke mwingine huko. Hajawahi kuambiwa, tangu anaolewa. Unanielewa?"

"Mheshimiwa anasemaje?"

"Mheshimiwa amesema yule mama aondolewe hapo nyumbani kabla hawajatua. Apelekwe Kibiti, apelekwe Utete, popote. Wakishaondoka arudi. Wewe ndiye itifaki. Nani aonekane, nani asionekane, ni kazi yako hiyo."

Sauti ilikuwa inakatikakatika. Rukaya akaziba sikio moja, akapiga kelele ili asikike:

"Unaniambia nimwondoe Bi Sijaona nyumbani kwake? Mke wake? Nimpeleke wapi, mzee?"

Hakujibiwa. Ila alisikia jani kavu linakanyagwa nyuma yake.

Akageuka.

Bi Sijaona alikuwa chini ya kichuguu, amejitanda ile kanga, viganja vimechafuka hina mbichi ambayo hajaiosha. Alikuja kuuliza jambo. Lilikuwa bado usoni mwake, lile swali dogo la mwanamke anayetaka kumpikia mtu. Halafu likatoka, polepole, na mahali pake hapakuja kitu.

"Hakuniuliza," alisema. "Sivyo?"

Rukaya akatikisa kichwa. "Nisamehe, mama."

Bi Sijaona hakulia. Akashika mche wa mti uliokuwa umeota pembeni, akapanda kichuguu, hatua moja baada ya nyingine, mpaka akasimama sawa na Rukaya. Hina ilikuwa imebaki kwenye ule mti, alama ya vidole vitano.

"Bado yumo simuni huyo Saidy?"

"Yumo."

"Nipe. Mwenyekiti wa kijiji alinisemea siku ya msiba, leo nitasema mwenyewe."

Rukaya alijua kabisa anachokifanya. Aliwaona marais wamesimama uwanjani, mabalozi, bendi, mizinga imeelekezwa juu. Akampa simu.

Bi Sijaona akaiweka sikioni kwa uangalifu, isishike hina.

"Hujambo, bwana," alisema. "Miye Sijaona binti Mshamu. Mwambie Latifu, mimi mkewe siondoki hapa. Kaburi la dada yake liko kwangu."

Lakini aliyekuwa upande wa pili hakuwa Saidy tena. Kelele za Rukaya zilikuwa zimesikika mbali kuliko alivyodhani, na mtu mwingine alikuwa ameshaichukua ile simu mkononi mwa Saidy.

"Hapa anaongea Sabra," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu kabisa. "Hebu rudia, mama. Wewe ni mke wa nani?"